Mashine Ilifanya Kazi, Kwa Hiyo?

Siku hizi filamu haijamaliza hata kupitisha majina ya waigizaji, tayari simu inakuletea video ya dakika kumi inayoahidi kukufafanulia mwisho wake. Mchambuzi anachora ubaoni mistari miwili ya wakati, mmoja mwekundu na mwingine wa bluu, anaweka mshale hapa na alama ya kuuliza pale, kisha anatoa hukumu: jamaa alisafiri kweli, au alikuwa mgonjwa wa akili. Filamu za mapenzi ambazo mhusika wake anadai ametoka wakati mwingine, au anajiandaa kurudi wakati uliopita, ndizo zinazopata tabu zaidi mbele ya ubao huo. Mojawapo ni Safety Not Guaranteed, filamu ndogo ya Marekani ya mwaka 2012, ambayo mwaka 2024 ilifanywa tamthilia ya muziki na kupandishwa jukwaani katika kituo cha sanaa cha BAM, Brooklyn, jijini New York. Filamu ikipanda jukwaani baada ya miaka 12, watu huirudia, na wakiirudia hii huishia kwenye swali lilelile: ile mashine ilifanya kazi au haikufanya?

Ilifanya. Haihitaji ubao, inaonekana kwa macho. Shida ni kwamba swali lenyewe halina uzito tunaoubebesha. Mashine ilipoanza kufanya kazi, jambo kuu la filamu lilikuwa limekwisha kutokea, na lilitokea bila ushahidi wowote. Hoja yangu ni kwamba filamu ya mapenzi yenye safari ya wakati isiyo na uhakika ni filamu ya ushahidi wa mdomo: mtu anakuambia jambo lisiloaminika, nawe unapaswa kuamua utasimama naye au utamwacha kabla hujajua. Ukiifanya kitendawili cha fizikia, umeangalia kidole badala ya kile kinachooneshwa.

Tuanze mbali kidogo, kwa sababu chimbuko la hadithi hii linasema mengi kuliko mistari ya rangi. Mwaka 1997 jarida moja la Marekani liitwalo Backwoods Home Magazine, linalosomwa na watu wanaopenda kuishi kwa kujitegemea mbali na miji, lilibakiwa na nafasi tupu kwenye ukurasa wa matangazo madogo. Mfanyakazi wake, John Silveira, akaijaza kwa tangazo la kubuni. Kwa Kiswahili lingesomeka hivi: anatakiwa mtu wa kurudi nami katika wakati uliopita, huu si utani, utalipwa tukisharudi, uje na silaha zako, usalama hauna dhamana, nimewahi kufanya hivi mara moja tu. Ndani yake kulikuwa na anwani ya sanduku la posta. Sentensi chache za kuziba pengo, basi.

Barua zikaja kwa maelfu, mwaka hadi mwaka. Wengine waliandika kwa mzaha, wengine walijitolea kwa dhati kabisa kwenda. Lakini Silveira mwenyewe alikuja kueleza kwamba barua zilizomsumbua ni za aina nyingine: watu waliomsihi, kama kweli anaweza kurudi nyuma, akamzuie ndugu yao aliyekufa asifanye kile kilichomuua. Hebu fikiria hali ya mtu anayekaa chini, anachukua kalamu, ananunua stempu, anamwandikia mgeni asiyemjua kuhusu mtu wake aliye kaburini, akitegemea tangazo lililosema usalama hauna dhamana. Mtu huyo hakuwa mjinga. Sidhani hata kama aliamini, kwa maana ya kuamini tunayoitumia tukisema naamini kesho jua litachomoza. Aliandika kwa sababu mlango ulikuwa wazi kidogo, na asingejisamehe kama angepita bila kubisha.

Kiswahili kinamwelewa mtu huyo vizuri mno. Methali zetu zinamkatalia: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo, maji yakimwagika hayazoleki, majuto ni mjukuu. Wahenga walikuwa wakali katika jambo hili, kana kwamba walikwisha kuona watu wengi wakipotelea huko nyuma. Ila lugha hiyohiyo imetupa kiambishi kizima kwa kazi ileile wanayoikataza: -ngali-. Ningalijua. Asingalikwenda. Tungalimchelewesha dakika tano tu. Kila msiba niliowahi kuhudhuria umejaa -ngali- kuanzia siku ya kwanza hadi arobaini. Ni mashine ya wakati isiyo na betri wala nyaya, na kila mfiwa anaiendesha usiku akiwa peke yake.

Filamu ya Colin Trevorrow, iliyoandikwa na Derek Connolly, imeshika hapo. Bajeti yake ilikuwa dola za Marekani 750,000 hivi, fedha ambazo kwa Hollywood ni za chai, ingawa watengeneza filamu wa Dar es Salaam wakisikia kiasi hicho kikiitwa kidogo wana haki ya kucheka. Ilianza kuoneshwa kwenye tamasha la Sundance Januari 2012, ikapata tuzo ya uandishi wa muswada. Darius, aliyeigizwa na Aubrey Plaza, ni binti anayefanya mafunzo ya kazi kwenye jarida moja la Seattle. Mwandishi mwandamizi, Jeff, anawachukua yeye na kijana mwingine, Arnau, kwenda mji mdogo wa pwani kumtafuta mtu aliyetoa tangazo kama lile la Silveira. Wanamkuta: anaitwa Kenneth, muuza duka la vyakula, mpweke, mwenye hofu ya kufuatiliwa, anayefanya mazoezi ya shabaha msituni. Mark Duplass anamwigiza bila kumdhihaki hata mara moja, na hilo peke yake ni kazi. Darius anajifanya amekuja kuitikia tangazo. Kenneth anataka kurudi mwaka 2001 kumwokoa msichana aitwaye Belinda, ambaye Kenneth anadai alikuwa mpenzi wake na alikufa gari lilipobamiza nyumba. Darius naye ana -ngali- yake: alipokuwa na miaka 14 mama yake alikuwa anakwenda dukani, akamwagiza maziwa ya chokoleti, na mama hakurudi akiwa hai. Nisingalimwagiza.

Sasa mabishano. Upande wa kwanza unasema mwisho wa filamu ni usaliti. Kwa saa nzima na zaidi tumewekwa kwenye shaka tamu, hatujui kama Kenneth ni fundi au chizi, kisha katika dakika za mwisho chombo chake kinawaka, yeye na Darius wanatoweka juu ya maji mbele ya macho ya watu, na shaka yote inakufa. Wanaosema hivi wana hoja nzito na siwezi kuipuuza. Shaka katika filamu ya namna hii ndiyo mafuta ya taa. Ukiyamwaga, taa inazimika. Wanaongeza kwamba filamu ingekuwa jasiri zaidi kama ingekatika pale Darius anapopanda chomboni, kabla ya kujua chochote.

Nakubaliana nao nusu. Lakini dhana kwamba uhakika huua mapenzi haisimami ukiangalia nyuma. Somewhere in Time, filamu ya mwaka 1980, inamhusu mwandishi wa tamthilia, Richard Collier, aliyeigizwa na Christopher Reeve, anayejilaza hotelini na kujishawishi akilini mpaka anaamkia mwaka 1912, alipo mwigizaji wa jukwaani aliyempenda kupitia picha ya ukutani. Riwaya ya Richard Matheson ya mwaka 1975 ambayo filamu ilitokana nayo ilimpa Collier uvimbe kwenye ubongo usiotibika, hivyo msomaji anabaki akijiuliza kama safari yote haikuwa ndoto ya mgonjwa anayekufa. Filamu ikauondoa uvimbe ule. Shaka ikapungua sana. Matokeo yake? Watu walioipenda wamekuwa wakikusanyika Oktoba baada ya Oktoba katika Grand Hotel, kisiwani Mackinac, Michigan, ilikopigwa, wakiwa wamevalia mavazi ya mwanzoni mwa karne iliyopita, katika kisiwa ambacho magari yamepigwa marufuku tangu karne ya 19. Hawaendi kuchunguza saa ya mfukoni ambayo mwanamke, akiwa mzee, anampa mwanamume, mwanamume anakwenda nayo 1912 na kumwachia mwanamke, hivyo ikawa saa isiyo na mtengenezaji duniani. Wachambuzi wa ubao wanaipenda sana saa hiyo. Wanaokwenda Mackinac wanaulilia ule mkono wa Collier unaoingia mfukoni na kutoka na sarafu ya mwaka 1979, kitu kimoja kidogo cha wakati wake alichosahau kukiacha, kikamrudisha kwa nguvu alikotoka.

Upande wa pili, ule unaotawala kwenye simu zetu, ndio dhaifu kuliko wote, na ndio ulionifanya niandike. Unasema: mashine ilifanya kazi, kwa hiyo Kenneth alikuwa mkweli tangu mwanzo, kwa hiyo Darius alifanya vizuri kumwamini, kesi imefungwa. Mantiki hii ina tundu ambalo mtu anaweza kupitisha jahazi. Kabla ya mwisho Darius anagundua kwamba Belinda, yule ambaye Kenneth anataka kumwokoa na kifo, yu hai na ana maisha yake. Tena Belinda anaeleza kwamba yeye na Kenneth hawakuwa wapenzi, walikuwa marafiki tu, na kwamba aliyeingiza gari kwenye nyumba ya mpenzi wake wa wakati huo alikuwa Kenneth mwenyewe. Kenneth akiulizwa, haraka anapata jibu: basi inaelekea nilifanikiwa, nilirudi, nikamwokoa.

Inawezekana. Katika dunia yenye mashine inayofanya kazi, jibu hilo halipingiki. Lakini ona ubaya wake: mashine ya wakati ni kisingizio kamili. Kila uongo uliowahi kuusema unaweza kuugeuza ukweli wa wakati mwingine uliofutwa. Mashine kuwaka hakumwondolei Kenneth tuhuma ya kwamba alimfuatilia mwanamke asiyemtaka, akabomoa ukuta wa watu, kisha akajitungia hadithi ya huzuni ambayo ndani yake yeye ni shujaa. Fundi hodari anaweza kuwa mwongo. Mtu anaweza kujenga chombo kinachopenya karne na bado asijue kukubali neno hapana. Wanaofunga kesi kwa kuonesha chombo kinachowaka wanajibu swali la ufundi na kuliacha swali la mtu.

Ndiyo maana upinzani wa tatu, wa watazamaji wengi wanawake niliowasikia wakiuzungumzia, unanipa shida kuliko mingine. Wanasema: tumefundishwa na filamu kwamba mwanamume mwenye jambo lake kichwani asiyeambilika, anayefuatilia, anayeficha silaha, kumbe ni dhahabu inayosubiri mwanamke mwenye subira. Darius akikosea, analipa kwa maisha yake. Hoja hii siwezi kuivunja, na sidhani kama filamu inaivunja. Ninachoweza kusema ni kwamba filamu haikuificha. Ingekuwa rahisi kumuua Belinda kweli, Kenneth akabaki mjane msafi wa moyo. Watengeneza filamu wakamleta Belinda mlangoni, mzima, mwenye maelezo yanayoeleweka, na wakamwacha Darius aondoke na maelezo hayo kichwani kwenda kumkabili Kenneth. Kuna filamu nyingine ya jamii hii, Happy Accidents ya Brad Anderson ya mwaka 2000, ambamo Marisa Tomei ni Ruby, mwanamke aliyechoshwa na wanaume wenye matatizo, halafu anampata mmoja mpole, msikivu, ambaye siku moja anamwambia ametoka mwaka 2470. Swali la Ruby halina uhusiano wowote na karne ya 25. Swali lake ni: Mungu wangu, na huyu naye? Mwanamke yeyote aliyewahi kusikia hadithi ndefu ya kwa nini simu haikupokelewa analijua swali hilo.

Hapa ndipo wachambuzi wa mwisho wanaporuka jambo ambalo kwangu ndilo kiini. Darius naye ni mwongo. Alikuja kwa jina la msaidizi wa safari kumbe ni mtu wa jarida, anamchunguza Kenneth ili wapate habari ya kuchekesha wasomaji wa mjini. Kila anapodai ushahidi kutoka kwa Kenneth, yeye mwenyewe ni ushahidi wa uongo. Kwa hiyo hatuna hapa mwanamke mkweli anayepima maneno ya mwanamume wa kutiliwa shaka. Tuna watu wawili, kila mmoja amemdanganya mwenzake, au amejidanganya mwenyewe, na kila mmoja katikati ya uongo wake ametoa kitu kimoja cha kweli: mmoja maziwa ya chokoleti, mwingine hofu yake ya kuachwa. David Hume, mwanafalsafa wa Uskochi, aliandika mwaka 1748 kwamba ushuhuda wa muujiza hautoshi mpaka uongo wa shahidi uwe muujiza mkubwa kuliko muujiza wenyewe. Kwa kipimo hicho Kenneth anashindwa asubuhi na mapema. Darius anatumia kipimo kingine. Hamuulizi kama mashine inawezekana. Anatazama kama mtu huyu, akijua sasa kwamba nilimdanganya, bado ananipa nafasi kando yake. Anampa. Na safari yenyewe inabadilika: Kenneth yuko tayari kurudi kwa ajili ya mama yake Darius.

Mpangilio wa matukio una maana. Darius anasema ndiyo, kisha chombo kinawaka. Kama ungeupindua, kikawaka kwanza halafu akasema ndiyo, filamu ingekuwa tangazo la biashara ya mashine. Sisi tuliolelewa kwenye hadithi tunaujua mpangilio huo tangu utotoni. Bibi akisema paukwa, tunajibu pakawa kabla hajatutajia sungura wala fisi, kabla hatujajua kama hadithi ni ndefu, ya kutisha au ya kulala nayo. Jibu linatangulia habari. Asiyejibu pakawa hasimuliwi, na hakuna mtoto aliyewahi kumwambia bibi alete kwanza uthibitisho kwamba fisi alikuwepo.

Ila nikiri kwamba hamu ya kufafanuliwa haikuanza na simu. Kwenye kibanda umiza cha mtaani kwetu tulizisikia filamu kwa sauti ya mtafsiri aliyerekodiwa juu ya picha, na yeye hakuacha tundu. Mhusika akitazama dirishani kimya, mtafsiri anatuambia anamuwaza nani. Stelingi akisitasita mlangoni, tunaambiwa mapema kwamba ndani kuna adui. Nilizipenda sauti zile na bado nazipenda. Zilikuwa sanaa juu ya sanaa. Lakini zilituzoesha kitu: ukimya wa filamu ukawa kasoro ya kuzibwa. Video ya leo ya kufafanua mwisho ni mtafsiri yuleyule bila ucheshi wake. Tofauti ni kwamba mtafsiri wa kibandani alikuwa anatusaidia kuvuka lugha. Huyu wa simu anatusaidia kuvuka uamuzi, na uamuzi ndicho kitu pekee ambacho filamu hii ilikuwa inatuuzia.

Aliyeelewa haya ndani ya filamu, ajabu, si mpenzi wala fundi bali Jeff, yule mwandishi mwandamizi mlevi wa maneno. Imebainika kwamba hakuuendea mji ule kwa ajili ya tangazo. Alikuja kumtafuta Liz, msichana aliyempenda ujanani. Amekuja kwa gari, kwa barabara ya lami, na hiyo ndiyo safari ya wakati iliyo halisi kuliko zote katika filamu, maana sote tunaweza kuifanya wikiendi hii. Anampata. Mwanzoni anavunjika moyo kwamba mwanamke ana umri wake halisi, kana kwamba yeye Jeff alibaki na miaka 18. Kisha anampenda upya, kweli, na anamwomba wahamie wote Seattle. Liz anakataa. Ana kazi, ana nyumba, ana maisha yaliyoendelea bila Jeff kwa miaka yote hiyo, na hana sababu ya kuyaacha kwa mtu aliyekuja kuitafuta picha ya zamani. Hakuna mchambuzi anayeichorea sehemu hii mistari ya rangi, kwa kuwa haina cha kufafanua. Mashine ya Jeff ilifanya kazi sawasawa, ikamfikisha alikotaka, na bado akarudi mikono mitupu.

Ukiziweka hadithi hizo mbili pamoja, ya Jeff na ya Kenneth, unaona kwa nini ushindi wa mashine hautoshi kuwa jibu. Kufika wakati uliopita ni jambo moja. Kukubaliwa na aliyeko huko ni jingine. Filamu haituoneshi kilichotokea baada ya kutoweka. Hatumwoni mama wa Darius akiwa hai, hatumwoni Kenneth akiwa mtu mwema zaidi. Mtazamaji anayetoka akisema yote yamejibiwa amejijazia mwenyewe sehemu iliyoachwa tupu, kama Silveira alivyojaza ukurasa wake, ila yeye hakutambua kwamba anabuni.

Kuna wanaume wawili wa serikali wenye suti wanaomfuatilia Kenneth muda wote, wakidhani ni jasusi. Wao tu katika filamu nzima ndio waliokuja kwa ajili ya ushahidi peke yake: vifaa vimetoka wapi, chombo kinafanya nini, kinaendeshwaje. Dakika ile ya mwisho wanasimama ufukweni pamoja na Jeff na Arnau, wote wakitazama maji yaleyale. Jeff na Arnau wamemwona rafiki yao akiondoka na mtu aliyemchagua. Wale wenye suti wameona mashine.